Umechaguliwa kuingia kamati ya maji ya kijiji? Anzia hapa

Wananchi wamenyoosha mikono, kura zimehesabiwa, jina lako limeingia kwenye muhtasari. Sasa wewe ni mjumbe wa kamati inayosimamia chombo cha maji, kile ambacho makaratasi ya serikali yanakiita Chombo cha Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii na watu wa ofisini wanakiita CBWSO. Cheo hakina gari wala mshahara, lakini watu elfu kadhaa watakunywa au watakosa kunywa kutokana na unavyokitumia.

Mwongozo huu ni wa mjumbe wa Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na RUWASA ndiyo inayosajili na kulea vyombo hivi. Wazee wa kazi watakumbuka kwamba zamani viliitwa COWSO, chini ya sheria ya 2009. Kubadilika kwa jina kusikuhangaishe.

Niseme mapema ninachokiamini. Wizi wa mamilioni upo, ila huo una polisi wake na watu huupigia kelele. Kinachomaliza miradi taratibu ni ndoo za bure: ya shemeji, ya mwenyekiti, ya mzee mheshimiwa, ya mjumbe mwenyewe. Kwa hiyo hatua ya 6 ni ndefu kuliko nyingine, na ukiwa na haraka, isome hiyo kwanza.

Hatua ya 1: Dai makabidhiano ya maandishi

Kamati inayotoka mara nyingi hukabidhi funguo na maneno ya mdomo. Usikubali. Andikeni hati ya makabidhiano, isainiwe na kamati zote mbili mbele ya mtendaji wa kijiji na afisa wa RUWASA wa wilaya. Ndani yake viwemo:

- cheti cha usajili na katiba ya chombo;
- kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde lenu;
- taarifa ya benki ya mwaka mzima uliopita na majina ya watia saini;
- orodha ya mali: pampu na namba yake, jenereta au paneli za sola, matangi, dira (mita za maji), vipuri vilivyoko stoo, pikipiki kama ipo;
- orodha ya wanaodaiwa na chombo, na ya wanaokidai chombo;
- mikataba ya watumishi: fundi, mhasibu, wasimamizi wa vilula (vituo vya kuchotea maji), mlinzi.

Kibali cha maji ndicho kinachosahaulika sana. Nchi imegawanywa katika mabonde 9, kuanzia Pangani na Wami/Ruvu hadi Ziwa Tanganyika, na kisima au chemchemi yenu imo katika mojawapo. Kibali kina ada ya kila mwaka. Kama haijalipwa kwa muda mrefu, ni heri mjue leo.

Mkikuta deni la zamani, liandikeni hata kama ni la aibu. Chombo kilichosajiliwa ni mtu kisheria, kinashtaki na kinashtakiwa. Mwenye duka la vipuri hatajali kama mwenyekiti aliyekopa ameshahamia mjini; atawadai ninyi. Na kama hakuna karatasi inayoonyesha deni lilianza lini, wananchi watasema mmelitengeneza ninyi.

Kisha soma katiba. Yote. Kaa nayo jioni moja, weka alama panaposema akidi ya kikao, muda wa uongozi, nani anaweza kuondolewa na kwa utaratibu gani, na posho ya kikao. Ugomvi mwingi wa kamati hutokana na vifungu ambavyo hakuna aliyevifungua.

Hatua ya 2: Fuata bomba kwa miguu

Muombe fundi akutembeze kuanzia kwenye chanzo mpaka kilula cha mwisho. Mjumbe asiyejua valvu ziko wapi atakubali kila anachoambiwa na fundi, cha kweli na cha uongo.

Kwenye chanzo angalia nani analima karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji. Ukiona bustani ya nyanya imekumbatia kisima, na dawa ya kupulizia imetundikwa mtini, hilo ni ajenda ya kikao kijacho, hata kama mwenye bustani ni kaka yako. Hasa kama ni kaka yako.

Kwenye tangi tafuta dira kuu, ile inayohesabu maji yote yanayotoka kwenda kwa watu. Isipokuwepo, au ikiwa imesimama, hamna njia ya kujua maji yanapotelea wapi. Kuipata iwe ombi lenu la kwanza RUWASA.

Kwenye kila kilula chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, kilula kinatoa lita 1,200 kwa saa. Sera ya Maji ya 2002 ilipanga kipimo kilichozoeleka vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kilula kimoja kwa watu 250. Watu 250 wanahitaji lita 6,250. Kilula chako cha dakika moja kwa ndoo kitahitaji zaidi ya saa 5 bila kufungwa hata mara moja. Sasa linganisha na saa kinazofunguliwa, na utaelewa kwa nini akina mama wanaamka saa 10 alfajiri kupanga foleni.

Hatua ya 3: Jua kazi isiyo yako

Hapa ndipo wajumbe wapya wenye moyo huharibu bila kukusudia. Kamati inasimamia, watendaji wanaendesha. Kamati inapitisha bajeti, inapendekeza bei, inaajiri na kuachisha kwa utaratibu, inasoma taarifa na kuuliza maswali. Fundi anakarabati. Mhasibu anaandika vitabu. Msoma dira anasoma dira. Msimamizi wa kilula anauza maji.

Mjumbe hapokei fedha za maji. Hata shilingi 50. Hata kama msimamizi wa kilula amefiwa na leo hayupo. Mkikosa mtu, funga kilula au mwekeni mtu wa muda kwa barua. Siku mjumbe anapokusanya hela, hakuna tena anayeweza kumkagua, maana mkaguzi ndiye mkusanyaji.

Mjumbe pia hampi fundi amri peke yake. Ukiona bomba limepasuka, piga simu kwa fundi na umjulishe mwenyekiti. Lakini kumwambia “acha hilo, njoo kwangu uniunganishie kwanza” ni matumizi mabaya ya cheo, na fundi, ambaye ajira yake iko mikononi mwenu, hawezi kukukatalia. Mamlaka ya mjumbe yapo kikaoni, wenzake wakiwepo na muhtasari ukiandikwa. Nje ya kikao wewe ni mteja kama wateja wengine, na bili yako inakuja kama zao.

Hatua ya 4: Shika fedha kwa maswali manne

Huhitaji kuwa mhasibu. Unahitaji kuuliza maswali manne kila mwezi, na kukataa kuendelea na ajenda nyingine mpaka yajibiwe.

*Maji kiasi gani yametoka, na kiasi gani yamelipiwa?* Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tuseme dira kuu inaonyesha uniti 48 kwa siku na dira za vilula na za majumbani zikijumlishwa zinaonyesha 31. Uniti 17 zimepotea, zaidi ya theluthi. Zinaweza kuwa zimevuja ardhini, zinaweza kuwa zimeunganishwa kinyemela usiku na kishoka, yaani fundi asiye rasmi, zinaweza kuwa zimeuzwa bila kuandikwa. Kila jibu lina dawa yake, ila kwanza namba zote mbili ziwe mezani.

*Zilizolipiwa zimefika benki?* Linganisha jumla ya mauzo na taarifa ya benki, siyo na daftari la mhasibu. Malipo yanayokwenda kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au wakala yanarahisisha sana jambo hili, kwa sababu hela haigusi mkono wa mtu. Mahali ambapo fedha taslimu bado zinapokelewa, wekeni kanuni: kila mauzo na stakabadhi yake, kupeleka benki kwa siku zilizopangwa, na hakuna matumizi yanayofanywa na hela ambayo haijaingia benki. Kanuni hii ya mwisho itapingwa kwa hoja nzuri (“dizeli imeisha, benki ni mbali”). Dawa yake ni masurufu madogo, yaani fedha kidogo za matumizi ya haraka, yenye kiwango kilichopitishwa, yanayorejeshwa kwa risiti.

*Zilizotoka zimelipa nini?* Kila malipo yawe na vocha, risiti na uamuzi wa kikao au bajeti nyuma yake. Usisaini hundi tupu. Msaini mwenzako akisema anasafiri na angependa kuacha saini kadhaa “za dharura”, mwambie asafiri salama na dharura itasubiri.

*Akiba ya pampu imefika wapi?* Pampu itakufa, na hili halina mjadala. Tuchukulie mpya inauzwa shilingi milioni 6 na mnatarajia ikae miaka 5. Miezi 60. Hiyo ni shilingi 100,000 kila mwezi ya kuweka pembeni, kwenye akaunti ambayo haiguswi kwa dizeli wala posho. Kama mwezi huu haikuwekwa, muhtasari useme haikuwekwa na sababu.

Hatua ya 5: Bei iwe na hesabu, na hesabu iwe na watu

Bei ya maji vijijini haiwezi kutajwa bila mtu kusimama na kusema enzi za Mwalimu maji yalikuwa bure. Usimdharau, anasema kweli. Mpango wa maji vijijini ulioanza 1971 ulilenga kumfikishia kila mwananchi maji ndani ya miaka 20 kwa gharama za serikali. Haukufika. Pampu zilizokufa zilikaa zimekufa kwa kukosa dizeli na vipuri, na sera ya 1991 ikaleta uchangiaji. Mweleze hivyo, kwa heshima, na umuulize yeye mwenyewe mradi wa zamani wa kijiji chenu uliishia wapi. Mara nyingi jibu atakalotoa litakutetea kuliko hotuba yako.

Andika gharama za mwezi: umeme au dizeli, mishahara, klorini, vipuri, ada ya kibali, akiba ya pampu. Gawanya kwa uniti mnazouza kweli, siyo zinazotoka tangini. Ukipata shilingi 1,000 kwa uniti, ndoo ni shilingi 20. Ukipata 2,500, ndoo ni 50. Peleka hesabu hiyo kwenye mkutano wa wanachama kabla ya kuipeleka RUWASA wilayani kwa taratibu za kuidhinishwa. Msibuni bei gizani kisha mkaitangaza kwa mgambo.

Kitu kimoja cha kuangalia: aliyevuta maji nyumbani hulipa kwa uniti, na anayechota kilulani hulipa kwa ndoo. Hakikisha mnyonge wa kilulani halipi bei kubwa kwa lita kuliko mwenye bomba uani. Inatokea zaidi ya unavyodhani, kwa sababu wanaopanga bei ndio wenye mabomba uani.

Hatua ya 6: Ndoo za bure

Hesabu kwanza. Kaya moja ikichota ndoo 6 kwa siku bila kulipa, kwa bei ya shilingi 50, ni shilingi 300 kwa siku, 9,000 kwa mwezi, 108,000 kwa mwaka. Ziwe kaya 10 tu, za wajumbe, mwenyekiti wa kitongoji, fundi, mama mkwe wa mhasibu na nyumba mbili za ibada. Ni shilingi 1,080,000 kwa mwaka. Kwa miaka 5 ni shilingi 5,400,000. Angalia tena bei ya pampu katika hatua ya 4.

Na hakuna aliyeiba. Kila mmoja alipewa kwa upendo, kwa heshima, au kwa sababu siku ile msimamizi wa kilula aliogopa kumdai mtu mkubwa. Huyo msimamizi, mara nyingi mama anayelipwa asilimia ya mauzo, ndiye anayebeba msalaba. Ndoo ya bure inamkata yeye kabla ya kuikata akiba ya chombo.

Kwa hiyo katika kikao cha kwanza au cha pili pitisheni azimio fupi: wajumbe na familia zao wanalipa bei ile ile, siku ile ile, na majina yao yatakuwa ya kwanza kusomwa kwenye orodha ya malipo. Mkishindwa kupitisha hilo, tayari mmejua kamati yenu ni ya namna gani.

Kisha litakuja ombi lenyewe. Halitakuja ofisini. Litakuja njiani, baada ya msiba, au ukiwa kwa jirani umekaribishwa chai:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia siku hizi wewe ndiye mwenye maji.”

“Ya kijiji, mzee. Mimi nayasimamia tu.”

“Basi mwambie yule binti pale bombani asinisumbue. Mimi na marehemu baba yako tulichimba mtaro ule kwa mikono.”

“Najua, mzee, na baba alinisimulia. Binti nikimwambia asikudai, mwisho wa mwezi atakatwa yeye. Lakini kama hali ni ngumu, niruhusu nilete jina lako kikaoni, tuone cha kufanya kwa utaratibu.”

Jibu hilo halikatai wala halikubali. Linahamisha jambo kutoka barabarani kwenda kikaoni, na linamlinda binti. Wapo watakaoona haya kuletwa kikaoni na watalipa. Hao walikuwa na uwezo. Wapo watakaosema “sawa, lete”. Hao wengi wao kweli hawana.

Na wasiokuwa nacho wapo: bibi anayelea wajukuu yatima, mlemavu anayeishi peke yake, mgonjwa wa muda mrefu. Kuwasaidia ni wajibu, na njia yake ni orodha ya msamaha inayopitishwa na mkutano wa wanachama, yenye vigezo vilivyoandikwa, idadi ya ndoo kwa siku na tarehe ya kupitiwa upya. Ndoo zao ziandikwe kwenye daftari kama maji yaliyotolewa kwa msamaha, ili hesabu ya uniti isivurugike na msimamizi alipwe asilimia yake. Kusoma majina hayo hadharani kunaweza kuwadhalilisha. Inatosha mkutano upitishe vigezo na idadi, na orodha yenyewe ikae kwa mhasibu na wakaguzi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kubandika ukutani majina na namba za simu za watu, hata za wadaiwa sugu, ni jambo la kuulizia kwanza kwa mwanasheria wa halmashauri.

Shule, zahanati na ofisi za serikali ziwekewe dira na zipewe bili kila mwezi. Hizi ndizo wadaiwa wakubwa kuliko wote, na hazitishiki mkisema mtazikatia, kwa sababu zinajua mnaogopa kuzikatia. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala RUWASA, mwezi hadi mwezi. Bajeti ya serikali inasikia karatasi zilizorundikana, haisikii malalamiko.

Hatua ya 7: Ukiwa na maslahi, sema, kisha toka nje

Mtoto wa dada yako ameomba kazi ya usomaji dira. Duka lako linauza mabomba. Shamba mnalotaka kupitisha mtaro ni la mkweo. Hakuna dhambi katika kuwa na ndugu. Kijijini kila mtu ni ndugu wa mtu. Kosa ni kukaa kimya na kupiga kura.

Utaratibu ni mfupi. Ajenda inapofika, sema una maslahi na ni yapi. Toka nje ya chumba, siyo kukaa pembeni ukitazama nani anasema nini. Muhtasari uandike: “Mjumbe fulani alieleza kuwa mwombaji ni mpwa wake, akatoka nje saa 4:20, akarejea saa 4:45 baada ya uamuzi.” Sentensi hiyo itakuokoa siku mtu atakapokuja na maneno.

Kwenye ununuzi, chukueni bei kutoka maduka yasiyopungua matatu, kwa ankara kifani (karatasi za bei zinazotolewa kabla ya kununua) zenye mihuri, na muulize RUWASA wilayani ni manunuzi gani lazima yapitie mfumo wa ununuzi wa umma. Angalia pia kama maduka hayo matatu siyo ya mtu mmoja. Namba ya simu inayofanana kwenye ankara mbili ni dalili tosha. Atakayepokea mzigo asiwe aliyeununua, na fundi aupime kabla ya kusaini: bomba jembamba kuliko lililolipiwa ni wizi wa kawaida kabisa.

Hatua ya 8: Kataa rushwa kwa jina lake

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007 inamgusa pia mjumbe wa kamati ya kijiji. “Asante” ya mkandarasi baada ya kusaini hati ya kukamilika kwa kazi ni rushwa. Mbuzi aliyeletwa nyumbani wiki moja kabla ya kuamua nani aunganishiwe maji ni rushwa mwenye miguu minne.

Ipo nyingine ambayo wanaume kwenye kamati hawapendi kuizungumza. Kifungu cha 25 cha sheria hiyo kinahusu rushwa ya ngono. Msichana anayetafuta kazi ya kilula, mama anayeombwa “aelewane” na fundi ili foleni ipungue au bomba lifike kwake: haya hutokea kwenye maji kwa sababu anayetafuta maji ni mwanamke na anayeshika ufunguo mara nyingi ni mwanamume. Mteueni mjumbe mwanamke apokee malalamiko haya, na jina lake lijulikane kwenye kila kilula. Likifika lalamiko, msilisuluhishe kifamilia.

Hatua ya 9: Vikao, ubora wa maji na taarifa kwa wananchi

Vikao: akidi ihesabiwe, muhtasari uliopita usomwe na kusainiwa, maazimio yawe na jina la mtekelezaji na tarehe. Msifiche mambo mazito kwenye “mengineyo” watu wakiwa wamechoka.

Ubora: muombe mhasibu risiti za klorini na fundi daftari la kutibu maji. Sampuli zipimwe maabara. Bakteria wa kinyesi wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kwa wenzetu wa Arusha, Manyara au Singida, ulizeni floraidi pia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Majibu ya maabara ni ya wananchi, hata yakiwa mabaya. Hasa hapo mna wajibu wa kuwaambia haraka.

Mkutano wa wanachama ndipo kamati nyingi hujificha nyuma ya maneno ya kihasibu. Fanya hivi: andika kwenye karatasi kubwa namba tano tu. Maji yaliyotoka, maji yaliyolipiwa, fedha zilizoingia benki, fedha zilizotumika, akiba ya pampu. Bandika karatasi hiyo kwenye vilula vyote siku kadhaa kabla ya mkutano, ili watu waje na maswali wakiwa wameshayajadili kwenye foleni. Maswali ya foleni ni makali kuliko ya mkaguzi. Yule aliyeona gari la maji likijazwa usiku kwenye tangi lenu hayuko ofisini. Yuko pale na ndoo yake.

Swali likikushinda, sema utalijibu tarehe fulani, na siku hiyo ulijibu.

Hatua ya 10: Msimu wa siasa

Mwaka wa uchaguzi, mtu atapanda jukwaani na kusema akichaguliwa maji yatakuwa bure, au ataagiza vilula vifunguliwe “wananchi wachote wiki nzima” kwa jina lake. Msibishane naye jukwaani. Mpelekeeni hesabu: wiki moja ya mauzo ni kiasi hiki, akitaka kuwalipia wananchi namba ya malipo ya chombo ni hii. Mwenye nia njema atalipa. Asiye nayo atanyamaza.

Na wewe mwenyewe, ukiwa na ndoto ya udiwani, usiitumie kamati kama ngazi. Kuunganishia maji kitongoji chenye kura zako kabla ya kile kinachofuata kwenye mpango ni upendeleo ule ule wa ndoo za bure, ila wenye mabomba. Ukishachukua fomu, angalia katiba inasema nini. Hata ikikaa kimya, jiuzulu kwa barua.

Hatua ya 11: Ukijua mwenzako anakula

Hapa hakuna njia rahisi, maana huyo mwenzako mnasali pamoja na watoto wenu wanasoma darasa moja. Anza na kilichoandikwa: tarehe, kiasi, risiti, mashahidi. Maneno ya kijiweni usiyapeleke popote.

Kama ni uzembe, mathalani amechelewesha marejesho ya masurufu, muulize kikaoni na mwekeane tarehe. Kama ni fedha zilizopotea, jambo liingie kwenye muhtasari na barua iende kwa meneja wa RUWASA wa wilaya, nakala kwa mtendaji wa kijiji, mkiomba ukaguzi. Anayetuhumiwa akae pembeni na asiguse vitabu wala saini mpaka ukaguzi uishe. Bado hajahukumiwa, na hilo litamkwe wazi kwenye mkutano ili familia yake isitukanwe sokoni. Mwenyekiti akiwa ndiye mtuhumiwa, wajumbe waliobaki waitishe kikao kwa mujibu wa katiba, barua isainiwe na zaidi ya mmoja. Kama ni rushwa, TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa namba 113, na ofisi zao zipo wilayani.

Tunza nakala ya kila barua nyumbani kwako, nje ya ofisi ya chombo. Ofisi za maji zina tabia ya kuungua au kuvunjwa wiki moja kabla ya mkaguzi kufika.